Baba yu hai, ndugu wameshaanza kugawana mali yake

Mheshimiwa mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, ninaishi na baba yangu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chake Chake, Pemba. Baba amevuka miaka themanini. Mama yetu mzazi alitangulia mbele ya haki zamani, na baba ana mke mwingine ambaye hakuzaa naye, nasi tumemzoea kumwita mama mdogo. Watoto tuko watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Kaka mkubwa anaishi Unguja mjini, wa pili yuko Muscat, na dada zangu wameolewa, mmoja Wete na mwengine Dar es Salaam. Mimi nilirejea nyumbani baada ya kuachika, na tangu hapo mimi na mama mdogo ndio tunaomwogesha baba, kumpikia na kumpeleka hospitali.

Mali ya baba ni nyumba ya matofali tunayoishi, yenye vyumba vitano na ua wa nyuma, shamba la eka tatu ambalo familia yetu ilipewa na Serikali baada ya Mapinduzi, na mikarafuu aliyoinunua mwenyewe, ambayo imo katika kiambo cha jirani. Mwezi wa Ramadhani uliopita alimwita mwalimu wa chuoni, yaani wa madrasa, akamwandikisha karatasi inayosema kwamba akifa, nyumba iwe yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemhudumia. Akatia dole gumba mbele ya mwalimu na jirani mmoja.

Kaka mkubwa alipopata habari alikuja na hati iliyopigwa chapa mjini, inayomfanya yeye kuwa wakala wa baba katika kukodisha mikarafuu, kuuza sehemu ya eka na kupokea fedha. Baba alisema asomewe kwanza. Kaka alikasirika, akatoka akisema kwamba mzee hana akili tena, kwamba yeye ndiye mtoto mkubwa wa kiume na atairudisha hati hiyo baada ya Idi ili itiwe dole, atake asitake. Ndugu yetu wa Muscat anamuunga mkono.

Ni kweli kwamba baba husahau. Usiku huniita kwa jina la marehemu mama, na huuliza kama isha imeshaswaliwa hali ya kuwa tumeswali pamoja. Lakini asubuhi anaujua kila mkarafuu wake, na anamkumbuka aliyekodi msimu uliopita na kiasi ambacho hajamaliza kulipa.

Naomba kujua kama karatasi niliyoandikiwa ina nguvu, na kama kaka anaweza kuyachukua mamlaka hayo. Pia akiba yangu yote imekwisha kwa dawa na kwa kuezeka upya upande mmoja wa nyumba. Je, fedha hizo zitarudi? Na mama mdogo, ambaye kaka zangu wanasema atarudi kwao Mkoani siku ile ile baba atakapofariki, hali yake itakuwaje?

Mtoto wa Pemba

JIBU

Dada yangu, waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya kuingia katika maswali yako, ni lazima nilitaje jambo ambalo naona limepotea katika familia yenu. Baba yenu yu hai, na mtu aliye hai hana warithi. Ana watoto, ana mke na ana jamaa, lakini fungu la mirathi huzaliwa siku ya kifo chake, nalo huwaendea wale tu watakaokuwa hai siku hiyo. Kaka yako mkubwa leo hana haki juu ya mkarafuu hata mmoja wa baba yake, na wewe pia huna haki juu ya chumba hata kimoja cha nyumba hiyo. Mwenye mali ni mmoja, naye yupo, anasema na anasikia. Kila ninaloliandika hapa chini linasimama juu ya msingi huo.

Nianze na hati ya uwakala, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Uwakala ni ruhusa ambayo mwenye mali anampa mtu anayemwamini ili amfanyie kazi maalumu, na ruhusa hiyo haitolewi kwa kulazimishwa, wala haitokani na kuzaliwa mwanzo au kuzaliwa mwanamume. Zaidi ya hayo, kaka yako ameshika hoja mbili zisizoweza kukaa pamoja. Ikiwa baba hana akili, kama anavyodai, basi dole atakalolitia halina thamani yoyote, kwa kuwa asiye na akili hawezi kumweka wakala; na hata uwakala uliowekwa kwa njia sahihi hukoma mwenyewe anapopoteza akili au anapofariki. Ikiwa baba ana akili, basi ana haki ya kusomewa, ya kuuliza, ya kukataa, na ya kumchagua mwengine. Kwa vyovyote vile, dole lililopatikana kwa kumshika mzee mkono haliwezi kumpa kaka yako anachokitafuta, na mnunuzi atakayenunua kwa hati ya namna hiyo atakuwa amejinunulia kesi.

Kuna njia ya haki kwa mzee ambaye kweli amepoteza akili, nayo hupitia mahakamani, ambako maelezo ya daktari husikilizwa na mahakama ndiyo inayoamua nani asimamie mali yake kwa manufaa yake yeye. Msimamizi wa aina hiyo hutoa hesabu, na haamki asubuhi akauza anachotaka. Lakini kwa ulivyonieleza, baba yako hajafika huko. Kusahau jina usiku, au kuuliza swala iliyokwisha kuswaliwa, ni dalili ambayo daktari anapaswa kuijua, wala si ushahidi kwamba mtu hajui mali yake, watoto wake na maana ya anachokifanya. Mzee anayekumbuka deni la mkodishaji wa msimu uliopita bado ana uwezo mkubwa. Nakusihi umpeleke katika Hospitali ya Chake Chake, aonwe, na uombe maelezo ya maandishi yenye tarehe kuhusu hali ya ufahamu wake. Karatasi hiyo itamlinda yeye kwanza, kisha italinda kila uamuzi atakaoufanya. Usiliahirishe, kwa sababu maradhi ya kusahau mara nyingi huzidi na wakati, na dirisha mlilonalo sasa huenda lisiwepo mwakani.

Ama karatasi ya mwalimu wa chuoni, ninasikitika kukueleza kwamba haikupi unachodhani imekupa. Maneno "nikifa, nyumba iwe ya fulani" ni wasia, na katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayotumika kwa mirathi ya Waislamu katika Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, hakuna wasia kwa mrithi. Wasia huwaendea wasiorithi, au huenda katika jambo la kheri, na haupiti theluthi ya mali. Wewe ni binti yake, kwa hiyo ni mrithi. Karatasi yako itafanya kazi kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba warithi wenzako waikubali baada ya baba kufariki, na kila atakayekubali atakuwa ameachia fungu lake tu, si la mwengine. Kukubali kwao leo, baba akiwa hai, hakuwafungi, kwa sababu bado hawana cha kuachia. Mwalimu alifanya wema, na wazee wengi visiwani wameandikiwa karatasi za namna hiyo na jirani au imamu kwa nia safi, kisha mabinti zao wakafika mbele ya Kadhi na kugundua kwamba walichokishika kwa miaka yote ni ombi kwa ndugu zao.

Ingefaa ujue fungu lako bila ya karatasi yoyote. Kwa mujibu wa aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa, mke mwenye mume aliyeacha watoto hupata thumuni, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mfano wa wanawake wawili. Warithi wakibaki kama ulivyowataja, hesabu yenu inatoka sawa kabisa: mali yote igawiwe mafungu manane, mama mdogo achukue moja, kila kaka achukue mawili, na kila mmoja wa nyinyi dada watatu achukue moja. Kwa hiyo wewe, uliyekesha na baba, utapata sawasawa na dada yako wa Dar es Salaam, kwa sababu mirathi hugawiwa kwa nasaba na ndoa, haigawiwi kwa huduma. Huduma ina njia nyengine za kutazamwa, na njia hizo ziko mikononi mwa baba akiwa hai.

Njia iliyo bora ni hiba, yaani zawadi anayoitoa mwenye mali katika uhai wake. Hiba ina nguzo ambazo watu huzipuuza. Mtoaji atamke au aandike kwamba anatoa sasa, si baada ya kifo, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe, kiwe mkononi mwa mpokeaji. Hapo kwenye kukabidhi ndipo hiba nyingi za nyumba zinapovunjika, kwa sababu baba huandika kwamba amempa binti nyumba, kisha hubaki mle mle, na vitu vyake vile vile, na funguo zake mfukoni, na kodi ya chumba cha mbele anapokea yeye. Akifariki, ndugu husema kwamba nyumba haijawahi kutoka mkononi mwake, na kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, hoja yao ina uzito. Wanazuoni wanataka mtoaji aiache nyumba wazi, avitoe vitu vyake na aikabidhi, ndipo baadaye akae humo kwa ruhusa ya mwenye nyumba mpya. Pia jambo hili lisingoje kitanda cha mwisho, kwani anachokitoa mtu akiwa katika maradhi yanayompeleka kaburini huhesabiwa kama wasia, na hapo tutakuwa tumerudi pale pale.

Je, akupe nyumba nzima? Hapa nitasema ninachokiamini, ingawa huenda usikipende. Iko hadithi sahihi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi peke yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akakataa kuishuhudia alipojua kwamba watoto wengine hawakupewa. Wanazuoni wa Kishafii wanaona kwamba kumpendelea mtoto mmoja bila ya haja ni jambo linalochukiza, lakini panapokuwa na haja ya kweli, kama ufukara wake au kujitolea kwake kumhudumia mzazi, uzito huo hupungua. Wewe huna mume, huna akiba tena, na huna pa kuishi siku nyumba hiyo itakapouzwa ili mafungu manane yagawiwe. Hiyo ni haja. Hata hivyo, nyumba nzima ikiwa yako, ndugu wanne na mama mdogo watabaki na eka na mikarafuu tu, na ugomvi utaishi zaidi ya nyinyi. Ningekuwa mimi wa kumshauri baba, ningemwambia akupe sehemu iliyo wazi na yenye mipaka, kwa mfano vyumba viwili vya nyuma pamoja na ua, vyenye mlango wake, ambavyo vitu vyake havimo. Sehemu hiyo ni rahisi kukabidhiwa leo hii: unapewa ufunguo, unahamishia vitu vyako, na kila jirani anaona.

Anaweza pia kukuongezea mikarafuu. Zanzibar ina utaratibu ambao wageni hushangaa wanapouona, kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, na sheria ya ardhi Nambari 12 ya 1992 inautambua umiliki huo wa miti. Kwa hiyo ile aliyoinunua katika kiambo cha jirani ni mali yake kamili, anaweza kuitoa hiba hata kwa idadi, miti fulani kuanzia mpaka fulani, ikahesabiwa mbele ya mashahidi na mwenye kiambo akiwepo. Makabidhiano yake yataonekana msimu utakapofika: wewe ndiye utakayewaita wachumaji, wewe utakayeanika, na karafuu zitakapofika katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, risiti ya mauzo iandikwe jina lako. Zihifadhi risiti hizo.

Eka tatu ni jambo jengine kabisa. Kwa sheria hiyo hiyo ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na kilichomo mikononi mwa familia yenu ni haki ya kuitumia. Eka zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa ili watu wapate pa kulima, hazikutolewa ziwe bidhaa. Asije mtu akauziwa kipande kwa hati ya uwakala na maelewano ya barazani; lolote linalohusu kuhamisha haki ya eka hiyo lianzie Kamisheni ya Ardhi, na mtafute karatasi ya asili ambayo familia ilipewa, kama ipo, kabla haijaliwa na mchwa.

Siku ya kuandika hiba, pangeni asubuhi, wakati ambao akili ya baba iko juu. Wewe usiwepo chumbani anapoulizwa, na kaka zako pia wasiwepo. Aachwe na mashahidi wasio na fungu katika mali yake, pamoja na mwanasheria au msaidizi wa sheria, naye aulizwe maswali ya wazi: ana watoto wangapi, ana mali gani, anataka kumpa nani na kwa nini. Majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe yote kwa sauti kabla ya kutia dole. Baada ya hapo ndipo ndugu zako waelezwe, na aliyeko Muscat aelezwe kwa simu, kwa mdomo wa baba mwenyewe. Najua unahofia hasira zao, lakini hiba inayofichwa mpaka baada ya maziko ndiyo inayotuhumiwa kughushiwa. Kwa maandishi yenyewe, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar hutoa msaada kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo taasisi ya Serikali inayoshughulika na wakfu na mirathi ya Waislamu, hivyo maofisa wake wanaweza kukuelekeza. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kuusikiliza kwa mujibu wa Sheria Nambari 9 ya 2017. Sheha ajulishwe mapema, hasa kuhusu maneno ya kaka kwamba atarudi kumtia mzee dole "atake asitake". Hayo ni maneno ya kumtisha mtu mzima ndani ya nyumba yake, na yanastahili kusikilizwa na mtu mwenye mamlaka kabla ya Idi kufika.

Kuhusu fedha zako, jibu linategemea nia uliyokuwa nayo ulipozitoa. Ulichokitoa kwa ihsani ya mtoto kwa mzazi ni ihsani, na malipo yake yako kwa Mola. Huwezi kuja kukigeuza deni siku ya tanga. Lakini ikiwa mlielewana na baba kwamba fedha za kuezekea ni mkopo, basi hilo ni deni, na deni hulipwa kutoka katika mali ya marehemu baada ya gharama za maziko, kabla ya wasia na kabla ya fungu la mrithi yeyote. Muulize baba sasa. Akikiri, iandikwe kiasi na tarehe, na mashahidi wawili watie saini. Kwa siku zijazo, gharama za baba zitoke kwanza katika mali ya baba: pensheni jamii, ambayo tangu Aprili 2016 hulipwa kwa wazee wa Zanzibar waliotimiza miaka 70, na kodi ya mikarafuu, pamoja na ile ambayo mkodishaji hajaimaliza. Weka daftari dogo la mapato na matumizi. Fedha zake zikibaki, si zako, wala si za kaka.

Nimemweka mama mdogo mwisho kwa sababu ndiye ambaye hakuna mtoto atakayemsemea. Kaka zako hawana mamlaka ya kumrudisha Mkoani siku ya msiba. Atakaa eda yake miezi minne na siku kumi, na kwa madhehebu yetu ya Shafii atakaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Atapata thumuni yake katika kila kitu, nyumba, miti na fedha, na vyombo alivyovinunua kwa pesa zake, kama cherehani au kabati, haviingii katika mirathi hata kidogo. Kisha liko jambo moja ambalo wanawake wa umri wake huona haya kulitaja. Ikiwa mahari yake au sehemu yake haijalipwa, hilo ni deni la baba, linalipwa pamoja na madeni mengine kabla ya mafungu manane kugawiwa, au baba anaweza kulilipa mwenyewe sasa kutoka katika karafuu za msimu huu. Mwulize kwa upole, mkiwa wawili tu jikoni, na kama amebakishiwa, mpeleke mbele ya baba siku ile ile ya mashahidi, aitaje, na baba aikiri kwa kinywa chake.